Cheti cha Kifo cha Baba Mugure

Mwaka 1954, majira ya kuchuma pareto, askari waliokuwa wakiupekua msitu wa Mau kuwasaka wapigania uhuru walikuta kibanda cha matawi kilichoachwa kwa haraka. Ndani yake mlikuwa na sufuria, blanketi na koti kuukuu, na katika mfuko wa koti hilo kulikuwa na kipande, kile kitambulisho cha mfanyakazi, chenye jina la Gachanja wa Ngigi, mpasua mbao wa Elburgon. Gachanja mwenyewe alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya siku hiyo. Wenzake waliopasua mbao pamoja naye walikuwa wamekwisha kupakiwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, na waliochukua nafasi zao kiwandani walikuwa wageni. Hivyo basi, katika Elburgon yote, mtu pekee aliyejua kwa hakika kwamba Gachanja amekufa alikuwa mkewe Wangare, na neno lake lilikuwa halina uzito wowote.

Wangare alizaliwa katika shamba la mzungu karibu na Njoro. Baba yake alichunga ng'ombe wa shamba hilo na mama yake alipalilia mahindi ya shamba hilo. Rizavu aliisikia tu katika masimulizi ya nyanya yake, na hakuwa na hata jamaa mmoja kule ambaye angemfungulia mlango. Baada ya kufiwa alihamia katika shamba la pareto juu ya Elburgon pamoja na binti yake wa pekee, Mugure, akapewa kibanda cha mabanzi kilichopakana na banda la kukaushia maua. Alikuwa mwanamke mkimya na nadhifu. Kikapu chake hakikuwa na majani wala vikonyo virefu, na nyapara alizoea kukimimina bila kukichungulia.

Siku ya Jumatatu aliitwa kituo cha polisi. Nyuma ya meza alikaa Inspekta, kijana wa kizungu mwenye uso uliobabuka kwa jua, na kando yake, kwenye benchi, walikaa wazee watatu wa kamati ya kuhoji watu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Hiram Wanyoike, mzee wa kanisa, mwenye kofia nyeusi aliyoiweka juu ya goti.

"Bwana yako iko wapi?" Inspekta aliuliza, kwa Kiswahili kile cha mashambani.

"Alikufa, bwana."

"Kufa wapi?"

"Nakuru. Hospitalini."

"Nani naona yeye nakufa?"

Wangare alitazama sakafu. Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakuna aliyemwona. Alimpeleka Gachanja kwa lori la kiwanda, akiwa anakohoa damu, akamwacha kitandani kwa sababu lori lilikuwa linarudi. Ujumbe wa kifo ulipofika, maiti ilikuwa imekwisha kuzikwa na watu wa hospitali. Hakuna ndugu aliyekwenda kuuliza habari za kaburi. Watu wake walikuwa bado na hofu ile ya zamani ya kukaribia maiti, hata wale waliobatizwa, na maiti hiyo ilipopata mtu wa kuizika, walishukuru na kunyamaza. Koti la marehemu, lililobaki likining'inia kwenye msumari kiwandani, lilitoweka wiki hiyohiyo, na kipande kikiwa mfukoni mwake.

"Hakuna aliyeona," Mzee Hiram alijibu badala yake. Kisha akamgeukia. "Mama Mugure, mtu anayekufa hospitalini huandikwa. Kuna ofisi Nakuru inayotoa cheti. Tuletee cheti hicho."

"Nasikia?" Inspekta alisema. "Lete karatasi siku ya Alhamisi. Hapana karatasi, Ijumaa wewe na toto napanda lori."

Lori la Ijumaa lilijulikana. Wake wa wanaume walioaminiwa kuwa msituni hawakupelekwa rizavu moja kwa moja. Walipitishwa kwanza katika kambi yenye seng'enge, na watoto wao walitenganishwa nao langoni kwa muda ambao hakuna aliyeelezwa. Wangare alipewa ruhusa ya kusafiri siku moja tu, Jumatano, kwenda na kurudi. Ambaye angekutwa Nakuru baada ya treni ya jioni angelala korokoroni.

Usiku wa kuamkia safari alimwambia Mugure, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na aliyekuwa amesoma hadi darasa la nne, aandike jina la baba yake kwenye kipande cha karatasi. Hakumwambia sababu zote. Wangare hakujua kuandika, hilo ni kweli, lakini pia hakuwa amewahi kulitamka jina la mumewe mbele ya mtu yeyote. Kwa wanawake wa rika lake, kumtaja mume kwa jina lake kulikuwa kama kumvua shati sokoni. Tangu alipojifungua, mumewe alikuwa Baba Mugure, kabla ya hapo alikuwa "yule wa kwetu." Karatasi ingemsemea.

*

Ofisi ya Nakuru ilikuwa na dirisha dogo lenye nondo, na mbele yake foleni iliyopinda hadi kwenye miti ya jakaranda. Karani aliitwa Obura, mtu mnene mwenye tai fupi, aliyezungumza na kila aliyefika dirishani kana kwamba anawahutubia wote.

"Sogea, mzee, sogea. Unataka cheti cha kuzaliwa? Kwa umri huo umekumbuka leo kwamba ulizaliwa?"

Foleni ilicheka. Wangare hakucheka. Alikuwa akilitazama jua. Zamu yake ilipofika, alipitisha karatasi katikati ya nondo.

"Mwandiko mzuri," Obura alisema. "Mzuri kuliko wangu. Gachanja wa Ngigi. Amekufa lini?"

"Mwaka wa hamsini na moja. Baada ya mvua ndefu. Hospitalini hapa."

Obura alileta daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, akatelezesha kidole kwenye kurasa, akageuza, akarudi nyuma. Wangare alikifuata kidole kile kana kwamba kinatembea juu ya ngozi yake.

"Gacheru yuko. Gachuhi yuko, lakini huyo ni mtoto mchanga. Gachanja hayuko."

"Tafuta tena, karani."

"Mama, nikitafuta mara ya pili atakuwa ameingia?" Watu walianza kucheka tena, lakini Obura aliuona uso wa mwanamke yule, akashusha sauti. "Nisikilize. Mimi huandika kinacholetwa na hospitali. Kama hawakuleta, sina. Nenda wodini ukaulize kama waliandika. Na urudi mapema. Saa kumi nafunga, na mimi sifungui hata kwa gavana."

Njiani kuelekea hospitalini Wangare alijizuia kukimbia. Mwanamke wa Kikuyu anayekimbia mjini, katika siku zile, alikuwa akijitafutia mkono wa askari begani. Alitembea upesi, ruhusa ameikunja kiganjani, na moyoni alikuwa akipanga mambo ambayo hakutaka kuyapanga: nani angemlea Mugure kama wangetenganishwa langoni, na ni kitu gani angeweza kumfungia kiunoni ambacho hakingenyang'anywa.

Mlango wa wodi ya wanaume aliutambua mara moja. Dawati lilikuwa palepale, karibu na kizingiti, na benchi ambalo Gachanja alikuwa ameegemea lilikuwa limepakwa rangi mpya. Karani wa hospitali alimwambia, bila kuinua macho, kwamba majina ya waliokufa hupelekwa yote ofisini na hakuna linalobaki. Wangare alitoka, akaketi kwenye ngazi.

Mwanamke aliyekuwa akipiga deki alisimamisha ndoo yake. Jina lake lilikuwa Nekoye, Mbukusu mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, na alikuwa amefanya kazi katika wodi ile kwa miaka mingi.

"Umekalia maji yangu, mama," alisema. "Umefiwa leo?"

"Nimefiwa zamani. Leo wamekataa kwamba nilifiwa."

Nekoye aliweka kitambaa cha deki chini. Wangare, ambaye hakuwa na desturi ya kuwaeleza wageni mambo yake, alimweleza yote: kipande, koti, lori la Ijumaa, na jina ambalo halikuonekana.

"Wewe ndiye uliyemleta?"

"Ni mimi."

"Alikuwa anaweza kusema?"

"Alikuwa anakohoa tu."

"Basi wewe ndiye uliyeulizwa pale mezani. Wanauliza wote. 'Mgonjwa anaitwa nani?' Ulisemaje?"

Wangare alijiona tena amesimama pale, shuka la mumewe mkononi, karani akigonga kalamu mezani kwa haraka, na nyuma yake wanaume asiowajua wakisikiliza.

"Nilisema ni Baba Mugure," alisema polepole.

Nekoye alijipiga paja. "Haya! Na yule kijana aliyekaa hapo wakati ule hakuwa mtu wenu. Angejuaje? Ameandika alichosikia, akadhani 'Baba' ni heshima tu." Alianza kucheka, akaziba mdomo kwa mgongo wa mkono. "Usinikasirikie. Mimi baba mkwe wangu sijamtaja tangu niolewe. Siku moja alipotea sokoni Kitale, nikazunguka nikiita, 'Mwenye kofia! Mwenye kofia!' Wakaja wanaume sita. Inuka, mama. Saa kumi haiko mbali."

*

Obura alikuwa tayari amefunga nusu ya dirisha Wangare alipofika akihema.

"Karani, tafuta Mugure."

"Mugure ni nani?"

"Ni mtoto wangu."

"Pole sana. Naye amekufa?"

"Hajafa. Yuko nyumbani, anapika."

Obura aliweka funguo mezani. "Mama, mimi nimefanya kazi hapa miaka mingi. Wameniomba vyeti vya watu wa kila namna. Sijawahi kuombwa cheti cha kifo cha mtu anayepika."

Wangare alimweleza. Alieleza kwa maneno machache, na hata wakati huo hakulitaja jina. Alinyoosha kidole kwenye ile karatasi iliyoandikwa na binti yake. Obura alisikiliza, akavuta daftari, akafungua penye herufi nyingine. Kidole kikashuka, kikasimama.

"Mugure," alisoma. "Mwanamume. Umri kama miaka thelathini na mitano. Mpasua mbao, Elburgon. Homa ya mapafu. Mwezi wa Juni, hamsini na moja." Aliinua macho. "Ni yeye?"

Wangare alishika nondo za dirisha. Kwa miaka mitatu alikuwa mjane bila kuambiwa hata mwezi aliofiwa.

"Ni yeye. Sasa andika jina lake."

"Hapo ndipo siwezi. Sina ruhusa ya kubadilisha kitu humu. Nikinakili, nitanakili kama ilivyo. Cheti kitasema amekufa Mugure."

"Watanipeleka kambini, karani."

"Na mimi nikibadilisha, watanipeleka jela." Hakusema hivyo kwa ukali. Alichukua ada yake, akachovya kalamu, na akaanza kunakili taratibu, herufi baada ya herufi. Alipomaliza alikausha wino, akampa. "Kwa nini hukusema jina lake tu siku ile, mama?"

"Mkeo anakuitaje?"

Obura alifikiri kidogo. "Baba Akeyo," alisema, akafunga nusu ya dirisha iliyobaki.

Katika treni Wangare alikaa karibu na mlango, cheti kifuani ndani ya kanga. Njia yote, Nakuru hadi Elburgon, alikihisi kila behewa lilipotikisika. Aliwaza kwamba huenda karatasi hii ilikuwa mbaya kuliko kutokuwa na karatasi. Bila cheti, alikuwa mwanamke aliyeshindwa kuthibitisha. Kwa cheti hiki, wangeweza kumwita mwongo aliyeokota kifo cha mtu mwingine, au, vibaya zaidi, wangemwandika Mugure katika orodha ya wafu na mtoto angebaki bila mahali popote duniani. Aliwaza kukitupa dirishani. Mara mbili alikitoa, na mara mbili alikirudisha.

*

Alhamisi asubuhi Inspekta alikisoma cheti akiwa amesimama, kisha akakisukuma mezani.

"Hii hapana Gachanja. Hii Mugure. Mtu ingine. Kesho, lori."

Askari mlangoni alisogea. Wangare hakusogea.

"Naomba nikione, bwana," alisema Mzee Hiram. Alivaa miwani, akasoma mara ya kwanza, akasoma tena. "Mugure. Mwanamume?"

Wazee wawili waliobaki walitazamana. Mmoja alikohoa ili kuficha kicheko. Mwingine hakujificha: "Mwanamume anayeitwa Mugure! Huyo alitahiriwa wapi?"

Hiram hakucheka. "Mama Mugure, nani alimwandikisha?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulipoulizwa, ulimwitaje?"

"Nilimwita kama ninavyomwita siku zote."

Mzee alivua miwani na kumgeukia Inspekta. "Bwana, kwetu hakuna mwanamume anayeitwa Mugure, kama kwenu hakuna mwanamume anayeitwa Meri. Ni jina la mwanamke. Binti wa mama huyu amepewa jina la mama ya baba yake. Mke kwetu hamtaji mumewe. Aliulizwa, akasema Baba Mugure. Karani wa kabila lingine akaandika Mugure."

Inspekta aliketi. Alikigeuza cheti, akakitazama kama mtu anayetafuta mlango nyuma ya ukuta. "Kama mke hapana sema jina," alisema hatimaye, "namna gani mimi najua bwana yake ni hii? Baba Mugure iko mingi. Sasa yeye nasema. Hapa. Jina ya bwana yake."

Wazee watatu waliinamisha macho kwa pamoja, kama wafanyavyo watu mwanamke anapofunguka nguo kwa bahati mbaya. Wangare aliona kofia nyeusi juu ya goti la Hiram, mikono ya askari kwenye bunduki, na vumbi la pareto lililobaki katika kucha zake. Lori la Ijumaa lilikuwa limeegeshwa nje, na kupitia dirishani aliweza kuona ubao wake wa nyuma ukiwa umeshushwa.

"Gachanja," alisema.

Sauti ilitoka kavu, na ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia.

"Gachanja wa Ngigi. Alipasua mbao hapa. Nilimwacha kitandani akiwa hai, nikarudi na lori. Alipokufa sikuwepo, na sijaona kaburi lake. Huyo ndiye aliyeandikwa hapo. Sina mume mwingine, si msituni wala mahali popote."

Hakulia. Lakini alipomaliza, alijifunika mdomo kwa kanga na hakuuondoa mkono.

Inspekta alimtazama Hiram. "Wewe naamini?"

Katika miezi ile, kumwekea mtu dhamana kulikuwa kutia shingo yako mahali pa shingo yake, na wote waliokuwa chumbani walijua majina ya waliofanya hivyo wakajuta. Nje, mtu aliigonga injini ya lori kwa spana. Wangare alisikia kila pigo.

"Mke wangu tumeoana miaka thelathini," Hiram alisema mwishowe, "na ninyi wote mnamjua. Hajawahi kunitaja. Hata siku nyumba iliposhika moto aliita, 'Baba watoto, toka!' Mwanamke hawezi kulitoa jina hilo mbele ya wanaume kwa ajili ya uongo. Naamini. Niandike mimi."

"Gachanja naonekana msituni, wewe napanda lori."

"Nimesikia, bwana."

Nyuma ya cheti, kwa mwandiko wa polepole wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, Mzee Hiram aliandika kwamba Mugure aliyetajwa mbele ndiye Gachanja wa Ngigi, marehemu. Akatia sahihi. Inspekta akagonga muhuri juu yake na kulikata jina la Wangare katika orodha ya lori kwa mstari mmoja. Wangare alitoka akitembea kinyumenyume, kwa sababu hakuamini kumpa mgongo mtu yule.

Jioni hiyo Mugure alikisoma cheti kando ya jiko, akakunja uso.

"Mama, mbona wameandika nimekufa mimi?"

"Ni mimi niliyekutaja," Wangare alijibu. "Sikuwa na jina lingine mdomoni." Akakichukua, akakikunja, akakifunga kwenye kanga.

Ijumaa walikuwa shambani pamoja, vikapu mgongoni, lori lilipoanza kupanda mlima. Wachumaji wote waliacha kuchuma. Lilipofika kwenye njia panda ya shamba, mlio wa injini ulishuka, kama linalotaka kusimama. Mugure aliushika mkono wa mama yake. Wangare alipeleka mkono kifuani kwenye kile cheti, na midomo yake ikaanza kusogea. Na Mugure, aliyekuwa karibu, alimsikia akimwita baba yake, mara nyingi, kwa sauti ya chini sana, kwa jina lile la zamani la nyumbani: Baba Mugure.

Gari lilibadilisha gia. Kisha likaendelea na safari, watu waliopakiwa wakiwa wamesimama ndani yake, hadi vumbi lake likatua juu ya maua.